Paa Linaloona Katubuka

Kasingirima, Ujiji
6 Februari 2000

Kwa mdogo wangu Khamisi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, Ramadhani tumeimaliza salama na Idi tulichinja jogoo wawili. Vipi wewe, mwili unasemaje na hiyo baridi ya Kanada? Picha uliyotuma imefika. Umenenepa. Mama aliishika karibu na pua, akaipeleka dirishani, akairudisha puani, mwisho akaniuliza, "Huyu ni Khamisi, au ni koti limetundikwa?"

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Macho ya Mama yanaondoka. Daktari wa hospitali ya mkoa anasema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ni ya kuchelewesha tu. Ametupa mwaka mmoja, pengine na nusu. Mama hakulia. Alisema anataka jambo moja tu, akuone wewe kabla hajafungwa macho kabisa. Nikamwambia Kanada si Kalemie, mtu hapandi boti leo akashuka kesho.

Sasa nasikia huko kwenu watu wana intaneti majumbani, imewashwa kutwa kucha, na ukiwa na kamera ya kompyuta unamwona mtu wa mbali akipiga miayo. Wewe si ndiyo kazi yako, kuwafungia watu mitandao? Basi nieleze zipo njia ngapi, kila moja ni bei gani, na ipi itadumu, nisije nikafunga kitu leo kesho kikawa takataka.

Kukuuliza kwenyewe kunaniuma, sitakuficha. Nilikuwa mtoto wa pekee kwa miaka kumi na tisa. Novemba ya mwaka tisini na sita Mama akaenda ufukweni kununua dagaa, akarudi na wewe, viatu umevifunga shingoni, umekimbia vita Uvira kwa boti ya watu mia. Nilikupa nusu ya mkeka wangu. Miaka miwili baadaye mgeni akapanda ndege na mimi mwenye nchi nikabaki kupiga chapa barua za watu karibu na stesheni. Siku hizi mtaa mzima unamwita Mama Khamisi. Mama Nuhu amekufa, hata matanga hatukumwekea.

Najua utacheka, unakumbuka nilivyokufuata kambi ya Lugufu nijiandikishe kuwa mimi ni Mkongo. Ulinifundisha Uvira wiki nzima, mto Mulongwe, soko, msikiti, hadi rangi ya geti la bandari. Nikaingia chumba cha usaili nimeiva kabisa. Nikamwona yule mkalimani mzee mwenye mvi, mdomo ukatangulia: "Shikamoo, mzee!" Akacheka mpaka akavua miwani. "Kijana," akasema, "kwetu kule tunasema jambo tu. Rudi kwa mama yako Ujiji." Adabu yangu ndiyo iliyoninyima ndege.

Jibu mapema.

Kaka yako,
Nuhu


Winipegi, Kanada
19 Machi 2000

Kaka Nuhu,

Shikamoo yako naituma kwa posta, maana wewe unazipenda. Miye mzima, kazi ipo, theluji bado ipo. Barua yako niliisomea ndani ya gari la kazi na nikashindwa kushuka. Macho ya Mama! Mwambie sipati usingizi.

Kaka, nakujibu kama fundi. Huku njia ni nne. Ya kwanza ni modemu ya kawaida, kompyuta inapiga simu kama mtu, inapiga kelele, halafu inaingia. Ni dola ishirini hivi kwa mwezi, lakini ni ya kobe, na simu ya nyumba inakuwa imefungwa muda wote. Hiyo inakufa, usiitegemee.

Ya pili ni waya wa televisheni, ndiyo ninayofunga mimi. Dola arobaini kwa mwezi, mbio kweli kweli, ila nyaya za mtaa mnagawana, na watu wote wakirudi kazini inakuwa nzito. Ya tatu inapita kwenye waya uleule wa simu lakini huku unaongea na mtandao unakwenda. Bei inakaribia hiyohiyo. Ubaya wake ni umbali, nyumba ikizidi kilomita tano kutoka kituo cha simu, imekula kwako. Hizi mbili ndizo zinazopigana huku, na wakubwa wetu wanabishana kila siku nani atashinda.

Ya nne ni dishi la setilaiti. Linafika popote, hata porini, lakini dishi lenyewe ni mamia ya dola, kila mwezi unalipa mara mbili ya waya, na maneno yanachelewa kwa sababu yanapanda juu kwanza ndipo yashuke. Kwa video itakuwa kama kuongea na mtu anayefikiria sana.

Kwa Ujiji nadhani hakuna hata moja kati ya hizi. Nani atachimba mitaro kutoka Kigoma mpaka Kasingirima? Nadhani itashinda ya tano, ambayo huku wanaidharau. Mtu mmoja mwenye dishi anasimamisha mlingoti, na nyumba zinazouona mlingoti zinafunga antena ndogo ya redio. Tafuta kama yupo mtu wa hivyo.

Kuhusu wivu, sikia na wangu. Nafunga mtandao kwenye nyumba za watu ambao mama zao wako chumba cha pili, na hawainui macho kwenye kompyuta kuwasalimia. Mama aliyenizaa yuko Uvira na kaburi lake silijui. Wewe unalala pale Mama Kuruthumu anapokohoa ukamsikia. Ningeweza, ningebadilishana na wewe leo na koti nikuachie.

Haya yafuatayo msomee Mama neno kwa neno: Mama, kila ninapofunga macho naiona mikono yako ikichambua mchele. Nisubiri. Nitakuja kwa njia yoyote, hata kama ni ya waya.

Mdogo wako,
Khamisi


Kasingirima, Ujiji
28 Mei 2000

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, nasi wazima. Barua yako nimeisoma na nimeelewa kwamba umekuwa mtu mkubwa mwenye dola arobaini za kila mwezi. Hongera.

Nimezunguka kama ulivyosema. Laini ya simu tuliyoomba tangu mwaka tisini na saba bado "inashughulikiwa". Hata ningeipata, modemu ingebidi ipige simu ya masafa mpaka Dar, na kila dakika ni mia nne. Saa moja ya kukutazama wewe ni shilingi elfu ishirini na nne. Kwa pesa hiyo nakula mwezi, na mboga juu. Waya wa televisheni hakuna, labda waya wa kuanikia nguo. Dishi nimeliona kwenye ofisi ya shirika moja linalohudumia wakimbizi, kubwa kama paa la jiko. Nikamuuliza fundi wao bei, akaniuliza nina ng'ombe wangapi wa kuuza. Wakimbizi wanapelekewa mtandao, sisi wenyeji tunapelekewa vumbi la magari yanayoupeleka.

Mlingoti upo mmoja. Dismasi wa Katubuka, aliyekuwa fundi redio, ameanza kuwauzia watu wa karibu. Antena na kufunga ni laki mbili, halafu elfu thelathini kila mwezi. Nitaangalia. Bosi wangu naye anataka kuitoa kompyuta yake kuukuu.

Barua yako nimemsomea Mama. Anasema ahsante, uoe mapema, na usijisumbue kuandika maneno marefu.

Kaka yako,
Nuhu


Winipegi
3 Agosti 2000

Kaka,

Natumaini nyote hamjambo na hali ya Mama haijazidi. Mimi nipo, mbu wa huku ni wakubwa kuliko wa Lugufu.

Dismasi ndiye mtu wetu! Nimehesabu, kwa pesa ya modemu yako utamaliza gharama ya antena kwa saa nane tu za kuongea. Halafu redio haichimbi mtaro wala haisubiri mtu ofisini. Baada ya miaka kumi utaniambia.

Sista Skolastika, muuguzi aliyekuwa kambini kwetu, anarudi Kigoma Novemba. Nimempa kamera ya kompyuta na sehemu ya pesa ya kulipia antena. Si mkopo, wala usiniandikie habari ya kurudisha. Ulisema bosi wako ana kompyuta kuukuu anayotaka kuitoa, ichukue.

Usingoje, Nuhu. Daktari alisema mwaka.

Mdogo wako,
Khamisi


Winipegi
14 Januari 2001

Kaka Nuhu,

Heri ya mwaka. Hujambo? Mama hajambo? Sista Skolastika ameniandikia kwamba kamera na pesa alikukabidhi mkononi tarehe kumi na nane Novemba, na kwamba Mama alimkaribisha uji. Tangu Agosti sijapata hata mstari kutoka kwako. Kama kuna ugonjwa niambie. Kama nimekukosea niambie pia.

Mdogo wako,
Khamisi


Kasingirima, Ujiji
2 Aprili 2001

Kwa Khamisi,

Salamu. Sisi tupo. Samahani kwa kimya, kazi zilikuwa nyingi na mvua ilibomoa choo.

Kamera imefika. Kompyuta ya bosi nimeinunua. Lakini lile jambo halitawezekana. Dismasi anasema kati ya Katubuka na sisi kuna kilima, mlingoti wake hauioni nyumba yetu. Tumejaribu kila upande. Pengine siku moja atanunua mlingoti mrefu zaidi. Pesa yako ipo, nitaiweka mpaka uamue.

Mama anasema usihuzunike, picha ile ya koti inamtosha.

Kaka yako,
Nuhu


Winipegi
20 Mei 2001

Nuhu,

Sijui afya yako na leo sitaiuliza kwa urefu. Namwomba Mungu uwe mzima ili uisome hii mpaka mwisho.

Mwezi kabla sijaondoka, mimi na wewe tulibadilisha bati za nyumba hiyo. Tulikaa juu ya paa siku mbili. Tulikuwa tunaona ndege ikishuka kule Katubuka mpaka magurudumu yanagusa ardhi, na wewe ulisema, "Hiyo ndiyo itakayokuchukua." Jicho likiona, antena inaona. Hicho kilima umekitoa wapi?

Sasa nakuambia nililoapa kutokukuambia. Mama ananiandikia. Ananiandikia tangu mwezi wa tatu baada ya mimi kufika huku, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, zile alizotufundisha sote wawili barazani, wewe ukakimbilia mpira. Jirani yetu Safina, akienda kuuza mawese Kigoma, ndiye anayezipeleka posta. Mimi najibu kwa sanduku la Safina. Wewe umedhani asiyejua herufi za shule hajui kusoma, na umeishi na mwalimu ndani ya nyumba maisha yako yote.

Kwa hiyo najua. Niliandika mikono yake ikichambua mchele, ukamsomea "Khamisi anasalimia na kazi ni nzuri." Hakusema nioe. Hakusema niache maneno marefu. Mwaka mzima nilikuwa nikimwandikia mara mbili, mara moja kwako na mara moja kwake, ili aone umeruka wapi. Nilimuuliza, Mama, kwa nini hukumwambia? Akanijibu: "Akiruka, sauti yake inakimbia, vilevile alivyokuwa akiruka aya za Kurani chuoni. Namsikia. Lakini mwache asome, kila barua ni nafasi ya kusoma yote. Ana wivu tangu siku nilipokuleta. Ukimwambia ataona haya, na akiona haya atahama nyumba, na mimi nitabaki bila mtoto hata mmoja."

Ningeitunza siri hiyo hadi kaburini. Lakini barua yake ya mwezi uliopita mistari imepandana. Nusu ya maneno yametoka nje ya karatasi, ameyaandikia mkekani. Nimeweza kusoma matano tu: Kamera ipo chini ya kitanda.

Ndugu yangu, nisubirishe mimi, unichukie mimi. Macho ya Mama usiyasubirishe.

Mdogo wako, ukitaka usitake,
Khamisi


Kasingirima, Ujiji
9 Septemba 2001

Kwa mdogo wangu Khamisi,

Salamu kutoka kwa mwongo. Mama ni mzima, anakula, anafanya utani. Na mimi natembea.

Barua yako niliisoma ofisini, nikaikunja, nikaenda moja kwa moja kwa Safina kumfokea. Alikuwa anachuja mawese. Alinitazama akasema, "Umemaliza? Basi shika hapa tuchuje." Nikashika.

Nilikaa wiki tatu siwezi kumtazama Mama. Nilifikiria kuhama kweli, nguo nikazipanga. Halafu jioni moja nikamkuta amekaa na sinia la mchele, anachambua kwa vidole, mawe anayaacha na mchele anautupa. Nikaketi nikaanza kuyaokota nyuma yake. Akasema, "Nuhu, Dismasi amepita. Anauliza ule mlingoti wa nyumba unautaka wa mita ngapi." Basi alikuwa anajua hata uongo wangu wa kilima.

Nikueleze kwa nini, maana unastahili. Kamera ilipofika, Mama bado alikuwa anaweza kutunga uzi kwenye sindano akisimama mlangoni. Niliiweka chini ya kitanda nikisema kesho. Kila asubuhi nilisema kesho. Nilijua siku akikuona, uso wa mwisho atakaobaki nao kichwani utakuwa wako, si wangu, mimi niliyemchotea maji miaka yote. Nilitaka awe amekwisha kusahau unavyofanana. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu, sasa unalijua.

Mengine ya fundi ni mepesi. Antena ilifungwa Agosti, juu ya bomba la inchi mbili, na Dismasi alipoipandisha tu akapiga mluzi. Kilima hakipo. Kasi ni ndogo kuliko mnayoijua ninyi, ila haikatiki ovyo, na kila jirani anayeona bomba letu anauliza bei. Ulisema kweli, ya tano itashinda.

Na Jumapili ile tuliyopatana kupitia mtandao wa Dismasi, ulituona. Najua ulituona, maana ulikuwa unapunga mkono. Lakini sauti haikufika kwako, uliona midomo yetu tu. Ngoja nikueleze tulichokuwa tunasema.

Nilimketisha Mama mbele ya kompyuta, amevaa ile kanga mpya, amejipaka mafuta. Uso wako ukatokea vipande vipande, kisha ukatulia. Nikamwambia, "Mama, huyo Khamisi." Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akakaa hivyo. Mwisho akarudi nyuma, akasema polepole, "Naona mwanga wa dirisha." Dirisha lilikuwa nyuma yake, Khamisi. Alikuwa anabahatisha, hauoni hata mwanga wa kioo chako.

Ningeifunga ile antena Novemba angekuona. Hilo nitakufa nalo, na hakuna bei utakayonitajia.

Nilianza kulia. Yeye akanipapasa goti akasema, "Acha. Nisomee uso wake."

Nikamsomea. Nilimwambia amenyolewa pembeni, juu nywele zimebaki. Jino lake la mbele lililovunjika kwenye boti amelitengeneza. Ana kovu jipya kidevuni, dogo. Nikamwambia ana mvi moja au mbili, kijana wa miaka ishirini na miwili. Ukutani nyuma yake ametundika ile kanga kuukuu aliyofungia nguo siku ya safari. Hapo sauti yangu ilitaka kukimbia, nikaishika. Nikamwambia amependeza, Mama, amekuwa mwanamume mzuri kuliko mimi. Nikamwambia analia na hajifuti.

Akasikiliza mpaka ukakatika. Kisha akasema, "Leo hukuruka."

Barua zako sasa zitume kwangu, zote. Za herufi za Kiarabu tuma pia. Ameanza kunifundisha upya barazani, mimi mtu mzima, watoto wa jirani wanacheka. Nikikosea ananigonga vidole bila kuniona, na hakosi.

Jana alikuja mgeni, mwanamke kutoka Simbo, akabisha mlangoni: "Hodi, hapa ndipo kwa Mama Khamisi?"

Nikatoka nikamwambia ndipo, karibu, yupo ndani.

Kaka yako,
Nuhu